Mama Mapazia na Vipimo vya Bibi

Wifi yangu ana kichwa kigumu, na nasema hivyo nikiwa na haki zote, maana mimi ndiye ninayemfuata mashambani kila anapotua mahali asipotakiwa. Yeye ni fundi wa mapazia na viti vya magari. Mimi naendesha gari la kukokota magari mabovu. Kaka yangu, mumewe, anauza rangi dukani na hawezi kupanda ngazi ya hatua tatu kubadilisha taa bila mtu wa kumshikilia. Katika nyumba hiyohiyo, anayeruka angani ni mkewe, mwanamke wa miaka hamsini na saba mwenye miwani mbili zinazoning'inia shingoni.

Alianzia kwenye mto wa kiti. Nje ya mji kuna uwanja wa nyasi wenye klabu ya ndege zisizo na injini, zile za mbawa ndefu ambazo winchi huzivuta kwa kamba hadi juu, kisha huachwa zijitafutie. Wenyewe wanaziita glaida. Walimwita ashone mito ya viti. Akapima, akashona, akaipeleka, halafu akasema hakabidhi kazi ambayo hajaikalia mwenyewe ndege ikiwa inatembea. Mwalimu wa urubani akacheka, akampandisha kwenye ile ya watu wawili. Walikaa juu dakika kumi na moja. Aliposhuka habari za mto zilikuwa zimemtoka kabisa. Hiyo ni miaka kumi iliyopita, na tangu siku hiyo Jumamosi hatumwoni nyumbani.

Watu hudhani chombo kisicho na injini kinaelea tu juu ya uwanja kisha kinarudi chini. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe jua likipiga ardhi hewa inapata joto na kupanda, na rubani anayejua kazi yake huitafuta hewa hiyo, akazunguka ndani yake mpaka juu, kisha akateremka polepole kwenda kutafuta nyingine mbele. Anaweza kwenda hivyo kutwa nzima. Akikosa hewa ya kupanda, anashuka popote alipo, na hapo ndipo simu yangu hulia.

Ndege anayorusha inaitwa Bibi. Ina mifupa ya mbao na ngozi ya kitambaa, nayo ni kongwe kuliko wanachama wengi wa klabu. Nani mwingine angempenda Bibi zaidi ya fundi cherehani? Wifi ndiye aliyebadilisha kitambaa cha mbawa zote mbili, akakipaka dawa ya kukikaza tabaka kwa tabaka, na kila kiraka anakijua kilipo. Klabuni wakampa jina la Mama Mapazia. Walianza kwa dhihaka, sasa ni heshima, ingawa wapo ambao dhihaka haijawatoka.

Mwaka huu kamati iliamua kwamba cheti cha kuruka cha Bibi kikiisha hakitafanywa upya. Zitabaki zile nyeupe za plastiki ngumu, nyepesi na za kasi, na kanuni ya klabu inasema hupewi nyeupe uende nayo mbali peke yako mpaka uwe umemaliza safari ya kilomita mia tatu, kutoka uwanjani, kupitia kona mbili ulizotangaza kabla ya kuruka, na kurudi kutua ulikoanzia. Wifi alikuwa ameijaribu mara tano. Mara ya karibu zaidi nilimwokota kilomita arobaini kutoka nyumbani, kwenye shamba la alizeti. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi hata kwangu mimi nisiyejua ndege. Asipoipata hiyo mia tatu kabla cheti cha Bibi hakijaisha, basi maisha yake yaliyobaki ataenda mbali akiwa na mwalimu tu, la sivyo azunguke juu ya uwanja kama mtoto kwenye bembea.

Ndipo likaja suala la programu.

Ukiwa safarini, swali kubwa ni moja: kutoka hapa nilipo, kwa kimo hiki na upepo huu, nafika? Zamani walipiga hesabu kwa ramani na penseli. Siku hizi kuna programu za kuweka kwenye tableti, zinakuonyesha njia na kukwambia utafika nyumbani ukiwa na mita ngapi juu ya nyasi, au utapungukiwa na ngapi. Wifi alizipakua tatu na kuzichunguza jinsi anavyochunguza vitambaa, kwa kuzivuta pande zote kuona zitachanikia wapi.

Kwanza alizitoa juani. Saa sita mchana alikaa uani kwenye kiti cha plastiki, kofia kichwani, tableti ameifunga kwa lastiki kwenye ubao wa kupigia pasi, mimi nimesimama nyuma yake na saa.

"Niulize kimo," akasema.

"Kimo?"

Akakodoa macho, akavua miwani moja, akavaa nyingine, akainamisha kichwa. "Mia... ngoja. Mia nane na... hivi huu mlima umepakwa rangi ya nini?"

"Sekunde tisa, wifi."

"Sekunde tisa nimeshagonga mti. Hii haifai."

Na hiyo ilikuwa ndiyo nzuri kuliko zote, yenye milima ya kijani na mawingu yanayotembea. Ya pili ilikuwa na mwanamke anayeongea. Kaka yangu aliisikiliza dakika tano kutoka dirishani, akasema nyumba hii tayari ina mwanamke mmoja anayemwambia mtu ageuke kushoto, wawili watamuua. Ya tatu ilikuwa mbaya kwa sura, nyeusi na nyeupe, tarakimu kubwa kama za kalenda ya ukutani. Aliisoma kwa sekunde moja.

Halafu akanipandia kwenye gari langu. Alitaka kujua kama kidole chake kitapata kitufe ndege ikitikiswa, kwa hiyo aliifunga tableti mbele ya kiti na kunielekeza barabara ya nyuma ya ghala la mbolea, ambayo mtu mwenye akili haipiti.

"Pita kwenye lile shimo."

"Wifi, gari hili ndilo linalonilisha."

"Pita, nitakushonea viti vipya."

Nikapita. Aligonga kichwa kwenye paa, akabonyeza, akakosa, akabonyeza tena. Ile ya milima ya kijani ilihitaji agonge vitufe vinne kubadilisha upepo. Ile mbaya, viwili. Tulirudi nyumbani mgongo unaniuma, naye akiimba.

Lakini lililomfanya ashike ile mbaya asiiachie si ukubwa wa tarakimu wala vitufe. Programu haiwezi kukwambia unafika kama haijui ndege yako inashuka kiasi gani kwa kila mwendo. Ile nzuri ilikuja na orodha ya ndege. Unachagua jina, inajaza yenyewe, na huwezi kugusa. Ile mbaya ilikuwa na nafasi tupu za kujaza vipimo vyako mwenyewe.

"Mteja akinitajia saizi yake kwa simu, nakata kitambaa?" aliniuliza.

"Hukati."

"Basi."

Akaenda kumpima Bibi. Asubuhi kumi na moja mfululizo, hewa ikiwa bado imelala, Mwalimu alimvuta kwa winchi. Akifika juu aliushikilia mwendo mmoja bila kuyumba na kunisomea kimo redioni, nami chini naandika kimo na sekunde kwenye daftari lake la wateja. Kwa mwendo wa themanini, Bibi hushuka sentimita themanini na mbili kila sekunde. Kwa mia moja, mita moja na ishirini. Kwa mia na ishirini, karibu mita mbili, anaanguka kama tofali. Vipimo hivyo vilikuwa vya Bibi halisi, na viraka vyake, na Mama Mapazia mwenyewe ndani na chupa yake ya maji.

Sasa niwaambie kuhusu Daktari wa Meno. Ndiye mwenyekiti wa klabu, alistaafu kung'oa meno lakini sauti hakuistaafisha, bado anaongea na kila mtu kama ameshamlaza kwenye kiti. Si mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba alishaipenda ile programu ya milima ya kijani. Aliitisha mkutano kwenye jumba la klabu, chumba kimoja chenye viti visivyofanana na chupa kubwa ya chai, akatangaza kwamba kuanzia sasa ndege zote zitatumia programu moja. Alikuwa ameshazipanga tableti zote za klabu mwenyewe kwa siku moja, faili moja la vipimo amelinakili kwenye kila ndege. Haitauma, alisema.

Wifi akanyoosha mkono. "Bibi ameandikwa nani humo?"

"Bibi hayumo kwenye orodha, mama. Ni wa zamani mno. Nimemchagulia yule wa plastiki anayemfuata. Wametoka kiwanda kimoja."

"Mimi na mdogo wangu tumetoka tumbo moja, na gauni lake halinipiti mabegani."

Watu wakacheka. Daktari naye akacheka, kisha akaendelea kusoma karatasi yake. Wifi akasimama, akaweka daftari la wateja mezani, akaeleza vile vipimo vya asubuhi kumi na moja. Walimsikiliza kwa adabu ile ya kumsubiri mtu amalize. Mmoja aliuliza kama hilo daftari si ndilo lenye oda ya pazia lake. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa sababu mimi si mwanachama, na laiti ningekuwa mwanachama ningewamwagia ile chai.

Mwisho wakampa sharti. Aruke na tableti zote mbili kama anapenda, ila cha kufuata ni kifaa cha klabu. Chake kiwe pambo.

"Na nisipokubali?"

"Basi Bibi abaki bandani mpaka cheti kiishe," akasema Daktari kwa upole kabisa.

Wifi akaninong'oneza tukitoka, "Pambo. Haya, tutaona."

Jumamosi ya mwisho ya cheti ilikuja na anga ambayo hata mimi niliielewa, buluu na mawingu madogo yamepangwa kwa mstari. Cheti kilikuwa kinaisha Jumatatu, na Jumapili walitabiri mvua. Kwa hiyo ilikuwa siku hiyo au basi. Wifi alitangaza kona zake mbili, bomba la kiwanda cha sukari na makutano ya reli, akapanda saa tano asubuhi. Nilikaa kwenye gari langu uwanjani, trela la Bibi limefungwa nyuma tayari, redio mapajani. Si kwamba nilimtakia mabaya. Namjua tu.

Saa saba alipita kiwanda cha sukari. Saa tisa na nusu alizunguka makutano ya reli. Kaka yangu alipiga simu mara sita, akijifanya anauliza funguo za kabati.

Saa kumi na moja mawingu yalikuwa yamekwisha. Sauti yake ikaja, kavu. "Bibi hapa. Kilomita ishirini na tano. Kimo mita elfu moja juu ya uwanja. Hakuna hewa inayopanda tena."

Daktari alikuwa nje ya jumba la klabu na redio yake, tableti mkononi, watu wamemzunguka. Akagusa kioo, uso ukamng'aa. "Mama, unafika! Mita mia na tisini za ziada. Njoo moja kwa moja."

"Cha klabu kinasema mia na tisini za ziada," akajibu wifi. "Changu kinasema pungufu tisini."

Watu wakamsogelea Daktari kuchungulia tableti yake.

"Fuata cha klabu," akasema Daktari.

"Nimesikia."

Yeyote aliyewahi kuishi na wifi yangu anajua kwamba akisema nimesikia, amesikia tu. Nikawasha gari. Nilisubiri dakika tano, nane, kumi, macho yananiuma kwa kuangalia upande ule, nikiomba kwa sauti ile ndege ya kitambaa itokeze juu ya miti. Klabu nzima ilikuwa imesimama. Mtu mmoja aliyeshika kamera alikuwa ameshapiga goti.

"Bibi hapa," ikasema redio. "Natua uwanja wa mpira wa shule. Wifi, lete trela."

Sitayarudia hapa niliyoyasema ndani ya gari. Kilomita tisa! Alikuwa ameshakwenda mia mbili na tisini na moja, zimebaki tisa, kifaa kinamwambia njoo, na yeye anakwenda kukaa kwenye goli la shule. Nilimkuta ameegemea mkia wa Bibi akila karanga, na macho yake mekundu yalinionyesha kwamba karanga zimeanza baada ya kulia. Sikumhurumia hata kidogo.

"Kile kifaa cha klabu kilisemaje ulipokata kona kuja hapa?" nikamuuliza.

"Kumi za ziada. Kijani."

"Kijani! Mpaka dakika ya mwisho kinakwambia unafika, wewe unajifanya unajua kuliko kompyuta! Miaka kumi, wifi! Miaka kumi nakufuata kwenye alizeti, kwenye mihogo, kwenye matope, leo ungerudi kwa mbawa zako mwenyewe ukaamua tu kukataa!"

Alimeza karanga. "Shika bawa la kushoto. Tufungue."

Tulimfungua Bibi vipande, tukachomoa pini, tukaingiza mbawa kwenye trela. Njiani, tulipokaribia kilomita mbili kutoka uwanjani, akaniambia nisimame. Kuna machimbo ya kokoto pale. Nimepita hapo mara elfu na sijawahi kushuka. Akashuka, nami nikamfuata kwa hasira zangu mpaka ukingoni. Chini kulikuwa na shimo la kina cha ghorofa tano, mashine za kusagia mawe, milima ya kokoto, na juu yake nyaya za umeme mkubwa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Upande wa pili, mabati ya nyumba yamebanana mpaka ukuta wa uwanja. Hakuna mahali pa kulaza hata baiskeli.

"Nilipofika pale shule nilikuwa na mita mia tatu," akasema. "Kwa jinsi Bibi anavyoshuka na ule upepo wa mbele, mia tatu zinaishia hapa."

Nilitazama zile nyaya. Nimekokota magari mengi maishani, najua chuma kinavyokuwa kikishapiga kitu, na Bibi hana hata chuma. Nilimwona wifi yangu mle chini kama vile limetokea kweli. Nikakaa kwenye jiwe na kulia kwa sauti, yeye akanishika bega akinitania, nani sasa ataendesha.

Jumapili mvua ilinyesha kama ilivyoahidiwa, na kamati ikakaa. Daktari alikuwa na karatasi iliyokwisha chapwa. Akaisoma: rubani alitua mapema kwa sababu ya hofu; kifaa cha klabu kilikuwa kikionyesha kwamba anafika; rubani anakiri kwamba alikiuka maagizo. Pale chini pamewekwa mstari wa sahihi yake.

Wifi aliichukua, akaigeuza upande usio na maandishi, akatoa kipande cha chaki ya kitambaa mfukoni. Akachora mstari. "Kinasa safari kilichoandika kila kimo changu kiko hapo mezani, mnaweza kunisahihisha. Kutoka hapa, kilomita ishirini na tano, mpaka shule, ni kilomita kumi na sita. Kifaa chenu kilisema nitapoteza mita mia tano na kumi na sita. Nimepoteza mia saba. Kwa kilomita tisa zilizobaki ningehitaji mia tatu na tisini, nami nilikuwa na mia tatu."

"Ulikutana na hewa inayoshuka, mama. Hutokea."

"Hutokea. Ndiyo maana nimeleta safari nyingine nne za mwaka huu." Akachora mistari minne chini ya ule wa kwanza. "Siku tofauti, njia tofauti. Nimezipitisha kwenye faili lako. Kila moja kifaa kinakosea kwa kiasi kilekile, na kila mara kwa kuahidi zaidi. Hiyo hewa inayoshuka ina ratiba yangu?"

Mwalimu wa urubani, ambaye siku zote anaruka na ramani ya karatasi na hajali mambo ya tableti, alivuta ile karatasi na kuitazama muda mrefu. Kisha akamgeukia Daktari.

"Faili hili umeliweka na kwenye ndege ya watu wawili?"

"Ndege zote. Nilisema."

"Nayo ni ya plastiki ile nyepesi?"

Ile ya watu wawili ni nzito kama pipa, kila mtu anajua. Mwalimu akasimama, akatoka kwenye mvua bila koti. Tulimwona dirishani akivuka nyasi mpaka bandani, na aliporudi alikuwa na tableti imelowa mkononi. Akaiweka mbele ya mwenyekiti. Alhamisi ijayo, akasema, alikuwa amepanga kumwacha mwanafunzi aongoze safari ya mbali kwa kifaa hicho.

Nadhani hapo ndipo Daktari alipoogopa kweli. Alifuta miwani yake. Kwa dakika moja nilimwonea huruma. Lakini akaharibu. Akainama karibu na wifi, sauti ikiwa ya upole kuliko zote.

"Mama, tusifike mbali. Tutarekebisha mafaili kimyakimya. Na wewe... ulibakiza kilomita tisa tu, na kwa mujibu wa kifaa rasmi cha klabu ulikuwa unafika. Kamati inaweza kuihesabu safari yako kama imekamilika. Mia tatu. Jumamosi ijayo unapanda ndege nyeupe. Unatia sahihi tu hapa kwamba kifaa kilikuwa sawa."

Nilimwangalia wifi yangu. Kumbukeni, Bibi alikuwa amebakiza siku moja na nje mvua inamwagika. Hakuna safari nyingine ingekuja. Kila alichokitaka kwa miaka kumi kilikuwa kwenye ncha ya kalamu ile, na mimi, Mungu anisamehe, moyoni nilisema tia, wifi, tia tu, nani atajua.

Akavaa miwani ya kusomea. Akaigeuza karatasi, akaisoma yote tena, polepole.

"Unataka niseme nimefika," akasema.

"Kwa maana fulani ulifika."

"Nilitua kwenye goli la shule. Wifi yangu amenifuata na trela. Kwa maana ipi nilifika?"

"Mama, fikiria vizuri. Ukikataa, hiyo mia tatu huna. Na Bibi kesho anaisha. Unajua maana yake?"

"Najua kuliko wewe." Sauti yake ilipasuka katikati, naye hakuificha. "Mimi nimeitaka hiyo mia tatu mpaka nimeiota. Lakini mtu akiiona kwenye ubao wa klabu ataamini kwamba kwa mita elfu moja na kilomita ishirini na tano, na upepo ule, Bibi anafika. Na kwamba kile kifaa hakidanganyi. Mtu huyo atakuja moja kwa moja mpaka machimboni." Akamsukumia karatasi na kalamu. "Andika sikufika."

"Mama..."

"Andika. Hakufika. Pungufu kilomita tisa. Kifaa cha klabu kilikosea. Andika wewe mwenyewe, kwa mkono wako, halafu nipe nitie sahihi."

Mvua ilikuwa inapiga bati, na Mwalimu alikuwa amesimama maji yanamchuruzika mashavuni. Daktari wa Meno alimtazama kila mmoja wetu akitafuta wa kumsaidia, hata mimi niliyesimama mlangoni. Nilimrudishia jicho. Basi akaishika kalamu, akakata maneno yaliyochapwa, akaandika juu yake lile neno moja, hakufika, na mengine yaliyofuata.

Wifi alisoma kila herufi. Kisha akatia sahihi.